Mashindano ya ndege za mfano yasianzie kwenye rangi na riveti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana, walimu na mafundi wa Tabora na Kigoma wanaorusha, au wanaotamani kurusha, ndege ndogo za rimoti zilizojengwa kufanana na ndege halisi. Mchezo huu una mashindano yake duniani, na kanuni zake zinasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), lililoundwa mwaka 1905 na lenye makao Lausanne, Uswisi. Ninachosema ni hiki: tukiyaleta mashindano hayo kwetu kwa kunakili daraja la juu kabisa la FAI, mwaka wa kwanza tutapata washindani wanne, na mwaka wa pili hata hao hatutawapata.

Daraja hilo ni F4C. Mshindani anatakiwa awe ameijenga ndege kwa mikono yake, isizidi kilo 15, na kabla haijaruka waamuzi huikagua chini: umbo, rangi, maandishi, ufundi, wakilinganisha na michoro na picha alizowasilisha. Ndipo inaruka, na kila zoezi hupewa alama 0 hadi 10. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, na wapo watu wanaojenga ndege moja kwa miaka. Lakini kijana anayeona ndege yake ikipunguziwa alama kwa sababu mstari mwekundu umepinda, kabla hata haijaacha ardhi, harudi tena. FAI wenyewe wana daraja la F4H ambamo mrushaji si lazima awe mjenzi na ukaguzi wa chini ni mwepesi zaidi. Marekani, chini ya AMA, chama chao cha warushaji wa ndege za mfano kilichoanzishwa mwaka 1936, lipo daraja la Fun Scale: leta ushahidi kwamba ndege ya aina hiyo ilipata kuwepo, kisha alama utazitafuta angani. Sisi tuanzie hapo. Mwamuzi asimame hatua kumi kutoka kwenye ndege. Kama kwa umbali huo inatambulika ni ndege gani, imefuzu.

Ndege ya kuanzia ichaguliwe kwa akili. Vijana wengi hukimbilia ndege ya kivita yenye bawa chini ya mwili, na hiyo hugeuka kichwa chini kabla mwanafunzi hajajua kosa liko wapi. Bawa likiwa juu ya mwili, ndege hujirekebisha yenyewe. Cessna 206, ndege ndogo ya propela moja, inafaa mno: inafahamika, mistari yake ni mepesi kuchora, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 11. Kwa skeli ya 1:8, yaani ikipunguzwa mara nane, unapata sentimita 137, na bawa lenye upana wa sentimita 20.

Vifaa vipo mitaani. Mwili na mabawa ni lile povu jeupe gumu linalokuja na maboksi ya friji na televisheni, likikatwa vipande vya milimita 5 hadi 6 kwa kisu chenye makali mapya. Ndani ya bawa lazima upitishe ufito wa mwanzi uliopasuliwa, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bila huo, mara ya kwanza ukivuta ndege juu kwa nguvu mabawa yatakunjana kama kitabu. Miguu ya magurudumu ni spoki za baiskeli, mbili kila upande, zimefungwa pamoja kwa uzi na gundi. Pini za kushikia bawa ni vijiti vya mishikaki. Gundi iwe ile nyeupe ya seremala. Gundi ya fundi viatu huyeyusha povu, na supagluu pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Vya kuagiza ni mota ya 2212 (namba ya ukubwa wake) yenye KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), propela ya inchi 10 kwa 4.5, kidhibiti cha mota cha ampea 30, sevo nne za gramu 9 (vimota vinavyosogeza vipande vya bawa na mkia), betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli tatu na rimoti ya chaneli sita. Uzito wote, pamoja na betri, usizidi gramu 900.

Hapa kwenye uzito ndipo wengi wanapoharibu. Mkia ukiwa mzito, kila gramu moja ya ziada kule nyuma hudai karibu gramu tatu puani ili ndege isawazike, na gramu hizo zote bawa linazibeba. Hivyo usipake mkia rangi nzito, wala usiuzungushie selotepu ya kahawia mara mbili. Ndege ikishakamilika na betri imo ndani, ishike kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiinama kidogo, nenda uwanjani. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, na kama haitoshi, ongeza uzito puani. Ndege yenye pua nzito hutua vibaya, lakini yenye mkia mzito hairudi. Kisha washa rimoti, usukume kijiti kulia na utazame bawa la kulia: kipande chake cha nyuma lazima kiinuke. Sevo iliyogeuzwa imevunja ndege nyingi kuliko upepo.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya video za nje hayasemi ni hewa yetu. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 33, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko hewa ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari. Ndege ya gramu 900 ambayo katika hewa hiyo ya kipimo bawa lake lingeshindwa kuibeba kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa, hapa itashindwa kwenye 28, na propela nayo inavuta kwa nguvu pungufu. Ndiyo maana mtu anajifunza vizuri saa 1 asubuhi, na saa 7 mchana ndege ileile inamdondokea wakati anapinda kuja kutua. Mashindano yaanze saa 1, yaishe saa 4. Kigoma upepo wa ziwani huongezeka jua likipanda, na hiyo ni sababu ya pili ya kuwahi.

Sasa alama. Mazoezi matano yanatosha: kupaa, kupita mbele ya waamuzi kwa mstari ulionyooka, nane ya kulala (kuchora namba 8 angani bila kupanda wala kushuka), duara la kushuka, na kutua. Matatu ya kwanza kila mtu atayafanya. Duara la kushuka na kutua ndiyo yatakayowatenganisha. Mwamuzi aadhibu kasi kuliko kitu kingine chochote. Cessna halisi haikati kona kama mbayuwayu. Inalaza bawa kidogo na kupinda kwa duara pana. Ndege ya mfano inayopita kwa kilomita 80 kwa saa inaonekana kama kisanduku kilichorushwa, lakini kwa 40, mota ikiwa nusu, mtazamaji anasahau kwamba ni povu. Uzuri wa mchezo huu wote uko hapo, na haugharimu shilingi. Kila mtu aruke mara tatu, zihesabiwe mbili zilizo bora, ili aliyeanguka mara moja awe bado na sababu ya kubaki uwanjani na gundi yake. Alama ziandikwe ubaoni papo hapo, na mwamuzi amweleze mrushaji kwa nini amepata 6 na si 8. Mashindano mengi hukosa hilo, na mgeni huondoka bila kujua afanye nini mwezi ujao.

Wageni wasiwekwe daraja moja na wenye uzoefu. Daraja lao liruhusu rimoti mbili zilizounganishwa: mwalimu ameshika moja, mwanafunzi nyingine, na mwanafunzi akipotea mwalimu anaachia swichi na kuichukua ndege. Akipaa na kutua mwenyewe mara tano bila swichi kuguswa, ahamie daraja la kawaida.

Shule zisizo na fedha za mota zisiachwe. Kuna ndege za mpira uliosokotwa ambazo Wamarekani wanaziita Peanut, yaani karanga, kwa sababu mabawa hayazidi sentimita 33. Mabua ya mtama ambayo watoto wetu wanajengea magari yanafaa kwa kiunzi, na karatasi laini ya kufungia zawadi ndiyo ngozi. Msitumie tyubu ya baiskeli. Ni nzito na hairudishi nguvu uliyoisokotea. Unganisheni rababendi za ofisini, mzipake glisirini ya duka la dawa kidogo ili zisisuguane. Mafuta ya kula au ya mashine huozesha mpira. Darasa zima linaweza kushindana katika ukumbi wa shule kwa kuhesabu sekunde za angani na kutazama kufanana.

Kwa Kigoma, wenye uzoefu wana ndege yao ya kujivunia. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walivuka ziwa kwa ndege za majini aina ya Short 827 na kuushambulia mji kwa mabomu, wakati meli ambayo leo ni MV Liemba ikiitwa Graf von Götzen. Kwa skeli ya 1:16 mabawa yake ni takribani mita moja. Mtangazaji akiwaeleza watazamaji hadithi hiyo wakati ndege inapita, hata mama aliyekuja kuuza migebuka atasimama kuangalia.

Viwanja vya ndege vya miji yetu yote miwili viko karibu na makazi, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kitafutwe mapema. Warushaji wasimame upande wa mashariki wa uwanja, jua la asubuhi likiwa mgongoni, na watazamaji wote wawe nyuma yao, umbali usiopungua mita 15. Betri zisiachwe juani wala ndani ya gari. Zikiisha kutumika zihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli, na iliyovimba isichajiwe tena. Ndege ikinasa kwenye mwembe, msiirushie mawe. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi wa kuvulia, mlirushe juu ya tawi, mlitikise polepole. Povu litashuka zima, na saa 3 bado mtakuwa na muda wa kuruka tena.

Mpenzi wa ndege za mfano,
Tabora