Jumba letu la sinema lisiishie kuwa stoo

Mhariri, salaam. Nimesoma barua ya yule ndugu wa Chumbageni anayesema Tanga imelala na dawa yake ni moli kubwa huko nje ya mji kama za Marekani, watu wanunue, wale, waangalie na muvi humo humo. Ndugu yangu, hamu yako naielewa kabisa ila naomba uangalie hao Wamarekani wenyewe yaliwakuta nini.

Moli yao ya kwanza ya kuezekwa yote na kutiwa kiyoyozi ni Southdale ya Edina, jimbo la Minnesota, ilifunguliwa 1956 na maduka 72. Aliyeichora ni Victor Gruen, mtu wa Vienna aliyewakimbia Wanazi 1938, na huyu mzee hakutaka maduka matupu, alitaka pembeni kuwe na nyumba, shule, zahanati, bustani, watu wakutane kama kwao Vienna. Yakajengwa maduka na paking, basi. Uzeeni, 1978, akazikana hizo moli hadharani.

Sasa sinema. Zamani mji wa Marekani hata mdogo ulikuwa na jumba lake barabara kuu, unatoka kazini unapitia. Watu wakanunua magari wakahamia vitongojini, TV ikaingia sebuleni, halafu 1963 Stanley Durwood akafungua Kansas City sinema ya skrini mbili kwenye eneo la maduka, wenzake wakaiga, majumba ya mjini yakaachiwa popo. Na moli nazo zikafa! Randall Park ya Ohio ilifunguliwa 1976 kwa kujisifu kuwa kubwa kuliko zote duniani, ikavunjwa, leo pale ni ghala la Amazon. Yaani sinema ya mjini hakuna na moli hakuna.

Lakini kuna sinema ya Fox ya Atlanta, huko huko Marekani, hii ndo inanigusa sana. Jumba la 1929, lina minara kama msikiti na dari limechorwa kama anga la usiku lenye nyota, viti zaidi ya 4,000. Miaka ya 70 kampuni ya simu ilitaka kulinunua ilibomoe ijenge ofisi, wananchi wakakataa, wakachangishana, wakalinunua, na mpaka leo watu wanaingia. Na tusifiche, ni jumba lile lile ambalo zamani weusi walipandishwa ngazi za nje wakakae juu kabisa peke yao, ila sasa ni la wote na ndo maana lilistahili kupiganiwa.

Sisi huku tumeshaona mfano wa kupoteza. Drive-In ya Msasani kule Dar, ile ya kuangalia picha ukiwa ndani ya gari, mtindo ulioanzia New Jersey 1933, pale leo ni ubalozi wa Marekani.

Mama yangu alikuwa anatusimulia foleni ya Jumapili jioni hapa Tanga, picha ya Kihindi, khanga mpya, asumini kichwani, kaka zake wanasukumana dirishani kugombea tiketi, Mswahili, Mhindi, Mwarabu wote mlango mmoja. Jumba lenyewe bado limesimama, milango imefungwa, bati linavuja, na tunasikia kuna anayelitaka liwe stoo. Naiomba halmashauri ikae na mwenye jengo kabla ya masika hayajaingia, na ikifunguliwa akaunti ya mchango, elfu hamsini yangu iko tayari.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga