Nepia Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mwalimu, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Kitale. Sisi huku wazima, na mvua zimeanza. Nimefurahi kusoma katika barua yako kwamba kustaafu hakukukalishi kitako na sasa unataka kufuga ng'ombe wa maziwa. Ila hapo uliposema mtamba unakuja mwisho wa mwezi na majani "yatapatikana tu", nimeona nikujibu upesi: mwombe mwenye ng'ombe akuwekee kwanza. Ng'ombe wa maziwa hula kama kilo 70 za majani mabichi kwa siku, na nepia, ile nyasi ndefu ya kulishia mifugo, huchukua miezi 3 au 4 tangu kupandwa hadi kukatwa mara ya kwanza. Muda huo utamlisha nini? Utanunua mizigo barabarani, na bei za kiangazi unazijua.

Usiidharau nepia kwa kuwa umeizoea. Ni nyasi ya hapa hapa Afrika, hujiotea porini kando ya mito na mabondeni, na ukiitunza inadumu shambani miaka mingi bila kupandwa upya. Mbegu zake za kumwaga hazina tegemeo, ndiyo maana tunapanda mashina. Tafuta shina lililokomaa, likate vipande vya vifundo vitatu vitatu. Kila kipande kichomeke mshazari, vifundo viwili vikifukiwa na kimoja kikibaki nje, macho yakitazama juu. Kuna watu huvipanda kichwa chini, kisha lawama zote ni za mvua.

Kwa kishamba chako, mimi ningechagua tumbukiza, yaani kupanda nepia ndani ya mashimo badala ya mistari. Chimba mashimo ya futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo wa juu uweke kando, usichanganyike na ule wa chini. Huo wa juu uchanganye na debe moja au mawili ya samadi, urudishe shimoni, lakini usijaze. Acha kama inchi 6 ili maji ya mvua yatuame humo. Panda vipande 5 hadi 10 kwa kila shimo. Sikufichi, uchimbaji unavunja mgongo, tafuta vijana. Lakini ekari moja ya mashimo yenye samadi hulisha ng'ombe wawili hata watatu, ilhali ekari ya mistari ya kawaida ni ya mmoja tu. Msimu wa kwanza unaweza kutia maharagwe katikati ya mashimo.

Kinachonitia hofu zaidi ni hayo mashina ya bure uliyosema jirani yako atakupa upande. Huko kwenu Bungoma ndiko ulikoripotiwa ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, mwaka 1997. Huenezwa na kidudu kirukaruka kinachofyonza majani, na zaidi na sisi wenyewe tunapogawiana mashina. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kuonekana zima kabisa. Ugonjwa hujitokeza baada ya kukata: machipukizi yanakuwa mengi, mafupi, ya njano, hayarefuki tena, na mmea wote hufa polepole. Dawa ya kupulizia hakuna. Ni kung'oa na mizizi yake, kuchoma, na kupanda kitu kingine hapo. Kwa hiyo chukua mashina kwenye shamba ambalo limekatwa na likachipua vizuri mbele ya macho yako, au uliza kituo cha KALRO, wale watafiti wa kilimo na mifugo, pale Kakamega. Ukipewa aina ya nepia iitwayo Kakamega 1, ichukue. Inahimili ule ugonjwa mwingine wa masizi meusi kwenye masuke.

Na mahindi yako yasikose faida. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita wamefundisha wakulima kuzungusha nepia pembeni mwa shamba la mahindi na kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari. Nondo wa viwavi vya mabua hupenda kutagia kwenye nepia, na vitoto vyake vingi hunaswa na utomvu wa nyasi hiyo na kufa. Desmodiamu nayo hudhibiti striga, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ni chakula kizuri cha ng'ombe, kwa sababu nepia peke yake ina protini kidogo.

Nepia ikifika kimo cha mita moja, kata. Ukiiacha irefuke inakuwa fimbo, ng'ombe atachambua majani na kukuachia vijiti. Baada ya hapo rudi kila wiki 6 hadi 8, na kila ukivuna yarudishie samadi mashimo yako.

Ukishapata mashina, nipigie simu kabla hujayakata vipande. Nitakuja na wanangu tusaidiane kuchimba. Wewe samadi uwe nayo tayari, na umwambie mama chai iwe ya maziwa, hata kama ni ya ng'ombe wa jirani.

Wako,
Baba Pacha