Watoto waachiwe wamtafute simba

Mhariri,

Mimi ni katekista wa watoto wa komunyo ya kwanza, na naomba nafasi niseme neno kuhusu picha za watakatifu tunazowapa. Vitabu vingi huwachorea mtakatifu wa katuni: mashavu ya mviringo, tabasamu, duara la dhahabu kichwani. Mtoto hutupa jicho mara moja, akafunua ukurasa. Hakuna la kutafuta mle.

Mimi hutumia picha ya Mtakatifu Yeronimo akisoma chumbani mwake, iliyochorwa na Antonello da Messina wa Italia karibu mwaka 1475. Yenyewe iko National Gallery, London, nayo ni ndogo ajabu: kama sentimita 46 kwa 36. Ukiichapisha kwenye karatasi ya A3, unakaribia ukubwa wake halisi.

Jina silitaji. Nawaambia tu: humo mna simba, mtafuteni. Mpaka wampate (yuko kulia, kivulini kati ya nguzo) wameshaokota mengine: tausi na kwale mbele kabisa, paka kando ya vyungu vya maua, taulo lililotundikwa, na viatu chini ya ngazi. Viatu ndivyo huwakamata. Kavivua kwa nini? Kwani juu kule hakukanyagwi na viatu? Ndipo wanapomtazama sasa mzee mwenyewe, mkono juu ya kitabu, hana habari na yeyote. Hapo nikiwaambia ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, na kwamba alifia Bethlehemu mwaka 420, wananisikiliza.

Lazima atatokea wa kuuliza kama kweli alimtoa simba mwiba mguuni. Nawajibu wazi: kisa hicho kilisimuliwa kwanza juu ya mtawa mwingine, Gerasimo wa Yordani, majina yakakaribiana, simba akahamia kwa Yeronimo. Hata joho jekundu la kikardinali alilovikwa pichani ni la wachoraji, maana hakuwahi kuwa kardinali. Wapo wazazi wanaonikunjia uso, eti navuruga imani ya watoto. Mimi sijauona huo uvurugaji. Mtoto wa miaka tisa anajua kisa ni kisa, na bado anakipenda.

Kwa wachapishaji: wekeni picha za kale zenyewe, ukurasa mzima, kwa rangi. Na yale maswali mnayopanga chini ya kila picha, tafadhali yaondoeni; watoto wana ya kwao.

Katekista