Wanafunzi wakija Oldupai wasiishie kwenye fuvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Jiografia, pamoja na wanaopanga ziara za shule kuja huku kwetu.

Msimu wa ziara ukifika, mabasi ya wanafunzi husimama kwenye Korongo la Oldupai. Watoto wanaingia makumbusho, wanapiga picha na mfano wa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, wanaambiwa mwanaakiolojia Mary Leakey alilipata mwaka 1959, kisha haooo, Serengeti. Korongo lenyewe, ambalo sehemu nyingine kina chake kinakaribia mita 90, wamelipa mgongo. Hasara iliyoje! Umri wa fuvu lile haukusomwa kwenye mfupa, ulisomwa kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba pale pale lilipofukiwa. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na agoni, vinavyokadiria umri wa mwamba wa volkano, vilitoa miaka milioni 1.75, na wataalamu wengi hawakuamini masikio yao.

Mjiolojia Mjerumani Hans Reck aliyapa matabaka ya korongo namba mwaka 1913: la I chini kabisa, juu ya lava nyeusi, hadi la V. Ukisimama ukingoni, la III unalijua kwa wekundu wake. Hapo ndipo pa kumtega mwanafunzi: je, wekundu ukiisha, Tabaka la III nalo limeisha? Maana ukielekea magharibi rangi ile inafifia, na la III na la IV hayatenganishiki tena. Rangi hufuata mazingira ambamo mashapo, yaani tope na mchanga, yalitulia. Majivu hayajali hayo. Volkano kama Olmoti ikilipuka, yanaanguka ziwani, mtoni na mbugani kwa wakati mmoja. Mjiolojia Richard Hay aliyafuata ukuta kwa ukuta, akachunguza madini yake, ndipo akaweza kuoanisha matabaka ya upande huu wa ufa na ya upande wa pili, hata pale ardhi iliposhuka na kuyaachanisha.

Shule isiyo na nauli ya basi nayo ina pa kuanzia. Mimi nawapeleka wangu kwenye korongo la mvua nyuma ya uwanja wa mpira. Kila kundi linachukua futi kamba, linapima unene wa kila tabaka mahali pake na kuuchora kwenye ukanda wa manila, sentimita moja kwa kila kumi. Darasani tunapanga kanda ubavu kwa ubavu. Ubishi unaozuka hapo, sijawahi kuupata kwa ubao na chaki! Wengi hukimbilia kuunganisha udongo mwekundu na mwekundu, mpaka mmoja aibuke na utepe mweupe wa majivu, wa chengachenga, mwembamba kuliko kidole, wenye punje nyeusi zinazometa chini ya kioo cha kukuzia. Ukionekana kwenye kanda zote, ndio unaofungwa uzi kwanza, kutoka ukanda mmoja hadi mwingine. Mengine yanafuata, na yapo yanayokonda hadi kutoweka katikati ya njia.

(Oldupai msiokote hata kokoto, ni eneo la hifadhi. Macho na penseli vinatosha.)

Kwa watunga mitihani ombi langu ni fupi. Badala ya kumwagiza mtahiniwa ataje sifa tano za miamba mashapo, mpeni michoro miwili ya matabaka kutoka sehemu mbili, aonyeshe lipi linalingana na lipi na atoe sababu. Likija swali hilo mwaka mmoja tu, mwaka unaofuata futi kamba zitaadimika madukani.

Mwalimu wa Jiografia,
Karatu