Kulipa Fidia Bila Kuwa na Hatia: Barua kwa Mpwa Wangu Anayesomea Sheria

Mpwa wangu,

Umelalamika kwamba sheria ya madhara, ile inayomtaka aliyemdhuru mwenzake alipe fidia, haina haki, kwa kuwa humtoza fidia hata mtu aliyejitahidi kwa uwezo wake wote. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayelalamika hivyo.

Kesi ya Vaughan dhidi ya Menlove, ya mwaka 1837, hainisumbui. Menlove alirundika nyasi kavu karibu na mpaka wa jirani, akaonywa tena na tena kwamba zitashika moto, naye akasema atabahatisha. Nyumba za jirani zilipoteketea, wakili wake alidai kwamba mteja wake asilaumiwe kwa kutojaliwa akili nyingi, utetezi ambao kwangu ni matusi yaliyovikwa joho. Mahakama ilikataa, ikashikilia kipimo cha mtu wa busara ya kawaida.

Anayenisumbua ni Bi Weston, mwanafunzi wa udereva aliyefundishwa na rafiki wa familia, Bwana Nettleship. Katika somo la tatu alikata kona kushoto akashindwa kunyoosha usukani, na ingawa mwalimu alishika breki ya mkono, gari lilipanda ukingo na kugonga nguzo ya taa, na mwalimu huyo akavunjika goti. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mwanafunzi hupimwa kwa kipimo cha dereva mzoefu, japo fidia ilikatwa nusu. Jaji Denning alikiri wazi kwamba kimaadili mama huyo hakuwa na kosa.

Hukumu hiyo naikubali, kwa sababu goti lilikwisha kuvunjika na hasara ilikuwa lazima imwangukie mmojawapo. Kumtaka Bi Weston alipe si kumwita mwovu. Lakini kumbuka kwamba kabla ya kukubali kufundisha, Nettleship aliuliza habari za bima, akaonyeshwa kwamba ipo. Kipimo hichohicho kikimwangukia asiye na bima, humfilisi kwa kosa la dakika moja, na hapo lalamiko lako lina uzito. New Zealand walilikwepa tatizo hilo: tangu 1974 majeruhi wa ajali hulipwa na mfuko wa umma, bila kutafutwa aliyezembea, na kwa kawaida hawawezi tena kumshtaki aliyewaumiza wadai fidia ya majeraha.

Niambie kama ungekubali kubadilishana hivyo.

Mjomba wako