Mvuvi wa mshipi naye apate mkoba wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaovua kwa mshipi kwenye Mto Pangani, pamoja na kina mama wanaosuka ukindu, maana jambo lenyewe linatuhusu wote. Mimi ni fundi viatu na mabegi hapa Pangani mjini, na nikiacha sindano naenda kuvua. Mabegi ya wavuvi nayaona yakiwa mabegani huko ukingoni, kisha nayaona tena yamepasuka, yameletwa kibandani kwangu.

Siku hizi wengi, hasa vijana, wanakwenda mtoni na begi la shule. Nawaelewa. Mtumbani linapatikana kwa bei nafuu, lina mifuko mingi, na mtu akipanda baiskeli mikono yake iko huru. Shida inaanza akishafika. Kila akitaka ndoana au kipande cha chambo ni lazima avue begi, aliweke chini, na chini ni tope. Haupiti muda zipu imekufa. Huku kwetu mto unakaribia bahari, maji yakijaa chumvi inapanda nayo, na ile chumvi ikichanganyika na tope laini la mikokoni inakula kichwa cha zipu mpaka hakisogei tena. "Shikamoo fundi, nitilie zipu nyingine kabla maji hayajaanza kujaa." Marahaba, namtilia, lakini simfichi: mwanangu, hii nayo itakufa.

Zipu ni hela tu, mtu atatafuta nyingine. Kilichonifanya niandike ni ile mikanda miwili na kile kibano cha kifuani.

Kingo za mto wetu maji yanazila kwa chini. Juu unaona nyasi, unakanyaga kwa imani, kumbe chini pameshakuwa tupu. Kijana mmoja ukingo ulimkatikia hivyo hivyo, begi liko mgongoni na kibano kimebana. Maji yalimfika kifuani tu, lakini yalikuwa yanakupwa na mkondo ulikuwa na nguvu. Begi likajaa maji. Kila alipojaribu kupanda lilimrudisha chini, na vidole vyake vilikuwa vimeshika udongo, havikuweza kufungua kibano. Lita moja ya maji ni kilo moja. Begi la lita 20 likijaa, mtu akitoka majini ana kilo 20 mgongoni, tena anapanda ukingo unaoteleza. Waliokuwa kwenye mtumbwi walimnyooshea pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, wakamshika shati, wakakata mikanda kwa kisu. Mto una mamba, mtu wa Pangani hahitaji kukumbushwa. Begi lilipoletwa kwangu nilishona mikanda, kibano nikakataa kukirudisha.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mkoba wa mvuvi wa mtoni uwe wa mkanda mmoja, uvulike kwa mkono mmoja kwa kuupitisha kichwani. Mkanda ukatize kifua, mkoba ukae juu ya nyonga. Ukitembea unausukuma nyuma. Ukitaka ndoana unauvuta mbele ya tumbo, unafungua, unachukua, unafunga, na hakuna kitu kilichogusa tope. Urefu wa mkanda naupima hivi: simama wima, kunja mkono, mdomo wa mkoba ukutane na kiwiko. Ukiwa mrefu kuliko hapo unapiga paja kila hatua, na ukiinama kumtoa samaki kwenye ndoana unakutangulia majini. Ukiwa mfupi unakaba kwapa. Upana uwe vidole vinne. Mkanda mwembamba unakata bega hata kama mzigo ni mdogo. Nimewaona watu wazima wana alama nyekundu ya mkanda na mkobani hawana zaidi ya mishipi miwili na chupa ya maji.

Wapo wanaoniuliza kuhusu zile fulana za mifuko wanazovaa wageni. Ni kitu kizuri kwa mahali pake. Anayetajwa kuianzisha ni Mmarekani Lee Wulff, miaka ya 1930, na aliifikiria kwa mvuvi anayesimama ndani ya mto wa baridi, maji yamemfika kiunoni, kila kitu akitaka kiwe kifuani ambako hakitalowa. Sisi hatusimami ndani ya mto, na joto letu tunalijua. Nilishona moja ya mgeni, nikaivaa kidogo kujaribu mifuko yake, jasho likanitoka nikiwa kivulini. Begi la kiunoni nalo ni zuri ukiwa umesimama ukingoni, ila ukikaa kwenye mtumbwi linakubana tumbo, na maji ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ya mtumbwi, yakiongezeka ndilo la kwanza kulowa. Mkoba wa begani unauvua, unaufunga kwenye ubao wa kukalia, unavua kwa raha. Ufunge kwenye mtumbwi, usijifunge mwilini.

Na tupunguze vitu. Mvuvi wa mshipi hahitaji duka zima. Mishipi miwili iliyoviringwa kwenye kibao, chubwi (vizito vya kuzamishia mshipi) chache kwenye kikopo cha dawa chenye kifuniko, kisu ndani ya ala, maji ya kunywa, kitambaa cha kufutia mikono. Ndoana zichomekwe kwenye kipande cha ndala kuukuu. Soli ya ndala ni laini, ncha inazama yote pamoja na kinembe, kile kijino cha ndoana, na haitoki mpaka uivute. Ukitia mkono gizani unagusa sponji, huchomwi. Ukiangukia mkoba wako pia uko salama. Vipande hivi mimi ninavyo tele, na kila anayeniomba nampa.

Chambo kikae peke yake, na samaki wakae peke yao. Hili nalisisitiza kwa sababu tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wengi tumehamia kwenye kiroba, na ndani ya kiroba hicho kimoja mtu anatia mshipi, chambo na kambare. Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni. Akijitupa anautoboa mfuko, na kama umeubeba mgongoni anakutoboa na wewe. Isitoshe, kiroba kinafungia joto, perege anafika nyumbani ameshalegea. Wengine wanatunga samaki kwenye kamba na kuwaacha majini miguuni pao wakae wabichi. Kwenye mto wenye mamba sioni busara ya hilo. Pakacha lenye majani mabichi yaliyoloweshwa, likiwekwa kivulini mbali kidogo na maji, linatosha. Hewa inapita na ule unyevu unapokauka unawapoza samaki.

Hapo ndipo ninapofika kwa kina mama. Mkoba ninaousema hauhitaji kuagizwa kutoka nje. Ukindu tunao, na wasukaji tunao. Mkoba wa ukindu ukilowa unachuja maji wenyewe, na hauna zipu ya kufa. Kifuniko cha kukunja na kitanzi vinatosha. Udhaifu wake naujua, na nadhani ndio uliowafanya wavuvi wauache: mkanda unashonewa pembeni mwa mdomo, kwenye ukili mmoja tu, yaani utepe mmoja wa ukindu uliosukwa. Uzito wote unaning'inia hapo. Baada ya muda ule ukili unachanika na mkoba unaanguka wima, vitu vyote chini. Dawa yake ni kuupitisha mkanda chini ya kitako cha mkoba na kuupandisha pande zote mbili, kisha uushone kwenye mbavu. Mkoba unakuwa umeukalia mkanda, hauning'inii. Nimetengeneza hivyo mikoba kadhaa kwa wenzangu na mpaka leo haijanirudia.

Mkanda wenyewe uwe wa katani. Mkonge tunaojivunia mkoa mzima wa Tanga uliingia kwa mlango wetu: Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliuleta mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika safari kutoka Florida, ikapandwa Kikogwe, wilaya hii hii ya Pangani. Leo vijana wetu wanafunga mabegi kwa mikanda ya nailoni inayoteleza begani ikilowa. Katani inashika bega. Ila ni kali kwa ngozi, hilo sikatai, kwa hiyo upande wa ndani ishonewe kitambaa cha pamba, hata shuka kuukuu linafaa. Na ikilowa maji ya chumvi isuuzwe na kuanikwa, isiachwe ndani ya mkoba ikaoza.

Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na nne kati ya hizo ni za wanawake. Ningeomba maofisa maendeleo ya jamii na maofisa uvuvi wa wilaya wakae meza moja na vikundi vya wasukaji. Mara nyingi uvuvi ukitajwa, watu wanafikiria boti, injini na nyavu. Mvuvi wa mshipi anayetembea ukingoni na baiskeli yake hatajwi, na mahitaji yake ni madogo kiasi hiki. Mikoba hiyo hiyo ikiwekwa kwenye maduka ya mikeka ya Tanga mjini, hata asiyevua ataitaka ya kwendea sokoni.

Kiolezo ninacho, nimekikata kwenye boksi kwa vipimo viwili, cha mtu mzima na cha kijana. Kikundi chochote cha kina mama, kiwe cha Pangani, Bweni au Muheza, kije kukichukua bila malipo, na mikanda ya mikoba ya kwanza nitaishona mimi kwa uzi wangu. Nipo jirani na soko kila siku, isipokuwa Ijumaa baada ya swala, ambapo mnitafute mtoni.

Fundi Viatu,
Pangani, Tanga