Barua kwa mwanangu: jeni ya gamba haipo

Mwanangu Rehema,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika, nimefurahi kikohozi kimeisha. Huku mvua zimeanza, Mbagala yote matope, na wale konokono wakubwa wamejaa kwenye ukuta wa jirani wanakwangua chokaa usiku kucha. Sasa umeniuliza jeni inayotengeneza gamba ni ipi, na mbona pweza hana gamba wakati mmefundishwa ni ukoo mmoja na konokono. Swali zuri sana hilo, ila lina mtego.

Jeni ya gamba haipo. Yaani hakuna moja ambayo ukiigusa tu basi gamba linakuja au linapotea, ziko nyingi mno na zimegawana kazi, na ninachotaka ukishike hapa ni kwamba baadhi yake ni za kale kuliko hata konokono wenyewe, na nyingine ni mpya, kila ukoo umejitengenezea zake.

Tuanze na hao wanaokwangua ukuta. Wanatafuta kalsiamu. Gamba karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya matumbawe tunayojengea huku pwani, protini ni asilimia chache tu, lakini hizo chache ndo bosi. Kalsiamu kaboneti inaweza kuganda kwa sura mbili, kalsaiti na aragonaiti, na mwaka 1996 watafiti walitoa protini kwenye magamba wakazijaribu maabara, ikaonekana zenyewe ndo zinaamua fuwele ipi itokee. Ule upande wa ndani wa chaza wa lulu unaong'aa rangi rangi, kama wanaofugwa na kina mama wa Fumba kule Zanzibar, ni vibao vyembamba sana vya aragonaiti vimepangwa kama matofali na protini katikati, ufa ukianza unalazimika kukata kona kila hatua mpaka nguvu inaisha, ndo maana unavumilia kipigo kuliko jiwe tupu la madini hayohayo.

Anayetoa vyote hivyo ni ile ngozi laini iliyo chini ya gamba, inaitwa manto. Kauri yeye manto yake inatoka nje na kulifunika gamba lote kwa juu, ndo maana kauri anang'aa vile na wala hajapigwa msasa na mtu.

Sasa jeni za kale. Kuna moja inaitwa engrailed na nyingine dpp, zote waligundua kwanza kwa nzi wa matunda, nzi asiye na gamba wala habari nalo. Kwenye kiinitete cha konokono engrailed inawaka, yaani inaanza kazi, pembezoni mwa zile seli zitakazotoa gamba, kama inaweka mpaka, na dpp inahusika na ukuaji. Na usicheke, ndugu yake dpp tunaye hata sisi binadamu, anahusika na kutengeneza mifupa. Halafu kuna protini ya chaza inaitwa nacrein, Wajapani waliielezea mwaka 1996 hiyohiyo, sehemu yake ni enzaimu ya kaboniki anhidresi, ileile iliyomo kwenye chembe nyekundu za damu yako wewe hapo ulipo, inabadilisha kabonidayoksaidi na maji kuwa bikaboneti. Si umeshaisoma kwenye upumuaji? Basi chaza anaitumia kujenga nyumba.

Jeni mpya sasa ndo vituko. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha chaza wa lulu na abaloni, aina ya konokono wa baharini, wote wawili wana ule ung'avu wa ndani, ungedhani wanatumia protini zilezile, kumbe zinazofanana ni chache mno. Kila mmoja amefika palepale kwa njia yake. Sababu mojawapo ni kwamba protini nyingi za gamba zina vipande vifupi vinavyojirudia rudia, na DNA ya namna hiyo ikinakiliwa inateleza kirahisi, vipande vinaongezeka au vinapungua, kwa hiyo jeni inabadilika haraka. Mimi naona hapo ndo utamu wote ulipo, vitabu vyenu vinapita haraka sana.

Ila kinachonichekesha zaidi ni upande gamba linakojisokotea. Wengi ni kulia, wachache kushoto. Waingereza miaka ya 1920 walikuwa wanazalisha konokono wa maji baridi anaitwa Lymnaea, majibu yakawa yanakataa kukaa kwenye sheria za Mendel za kurithi, mpaka Mmarekani Sturtevant mwaka 1923 akasema jamani, angalieni jeni za mama, sio za mtoto mwenyewe. Na kweli. Konokono hao kila mmoja ana jinsia zote mbili, lakini yule aliyetaga yai ndo anaamua, kwa sababu yai linaanza kugawanyika kwa vitu alivyoweka mama humo ndani, jeni za mtoto bado zimelala. Kwa hiyo mtoto anaweza kubeba jeni mbili za kushoto na bado akajisokota kulia kwa sababu mama yake alikuwa nayo moja ya kulia, kisha watoto wake yeye ndo wakatoka kushoto! Baba hapo hana sauti kabisa, msomee baba yako hii aya ukija.

Jeni yenyewe ilichukua karibu miaka mia kupatikana. Inaitwa Lsdia1, inahusika na nyuzi za aktini, zile zinazoipa seli umbo lake, na mwaka 2019 Wajapani waliiharibu kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni mahali unapotaka, wakapata konokono wa kushoto. Na baadaye gamba linapokua dpp inafanya kazi zaidi upande mmoja wa manto, upande ule unakua haraka, gamba linapinda. Kwa wale wenye gamba la kofia wanaong'ang'ania mwambani dpp iko sawa pande zote, na gamba halijisokoti.

Na sio urembo tu. Kule Japani kuna nyoka anayekula konokono, taya yake ya kulia ina meno mengi kuliko ya kushoto kwa sababu amezoea konokono wa kulia, akimpata wa kushoto anateleza. Kwa hiyo kwenye maeneo yake wale wa kushoto wanapona zaidi, na kwa vile wa kushoto na wa kulia wanapata shida kupandana, wanaanza kujitenga.

Pweza sasa. Mababu zake walikuwa na gamba, magamba ya moluska, yaani ukoo huo wa konokono, chaza na pweza, yapo tangu enzi za Kambria, zaidi ya miaka milioni 500. Ndugu yake nautilasi bado analo la nje. Ngisi wengine wameliingiza ndani, ule mfupa mweupe unaookota ufukweni ni aragonaiti hiyohiyo. Pweza ameliacha karibu lote, akapata uhuru wa kujipenyeza popote. Halafu kuna pweza mmoja, agonauti, jike lake limeanza upya kutengeneza kitu kama gamba la kutunzia mayai, na jeni zake zilipochunguzwa mwaka 2022 protini nyingi hazikuwa zile za gamba la nautilasi. Kaliacha gamba la babu kajitengenezea lake!

Likizo ukija twende Feri asubuhi na mapema, tununue ngisi mwenye mfupa umpasue mwenyewe, mi nitashika begi. Yeboyebo na sabuni nimempa mama Juma, kadaftari ka grafu sijapata la kubana, andika kwenye la kawaida kwanza.

Mama yako